Chai za majani na viungo kwa maradhi madogo: mwongozo wa jikoni kutoka Lamu

Ni shida kupata jiko la Lamu lisilo na tangawizi, iliki na mdalasini, na penye ua au dari yenye nafasi hukosi kopo la mchaichai au shina la mrehani. Kwa hiyo kitulizo cha mafua, cha tumbo lililojaa na cha koo linalowasha tayari kimo ndani ya nyumba. Kinachoharibu kazi ni mkono. Majani yanachemshwa nusu saa mpaka yamekufa, gome la mdalasini linachovywa kwenye maji ya moto na kutolewa kabla halijatoa kitu, na sufuria moja inatiwa vitu kumi, hata mgonjwa akipata nafuu hujui kilichomsaidia, na akidhurika hujui kilichomdhuru.

Nitakayoyaeleza hapa ni ya mtu mzima mwenye maradhi madogo ya kawaida, yale ambayo mwili wenyewe huyamaliza kwa siku chache nasi tunausaidia usiteseke. Chai ya nyumbani haitibu malaria, haishushi sukari ya mgonjwa aliyeacha dawa zake, na haiui kifua kikuu. Nitataja kila mahali pa kuishia, kwa sababu watu hawaumizwi sana na majani kama wanavyoumizwa na kukawia.

Maji, sufuria na vipimo

Anza na maji. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvichumvi, na chumvi hiyo inaziba ladha ya majani laini kama nanaa. Tumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri au maji matamu ya kununua, uyaache yatokote sawasawa kwa dakika moja kamili ndipo uyatumie.

Sufuria ya alumini haina neno kwa majani matupu. Ndimu, ukwaju na choya, yaani maua mekundu ya rosela, vina ukali unaokula alumini, basi hivyo vipikwe kwenye sufuria ya stili au chungu. Ndimu kwanza haina haja ya kuingia sufuriani hata kidogo. Ikamulie kikombeni, mwisho kabisa.

Utahitaji pia kinu kidogo na mchi, chujio, na kifuniko kinachokaa vizuri. Kifuniko ndicho chombo kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho kinacholinda chai.

Kikombe ninachokitaja ni cha mililita 250. Kwa kikombe kimoja weka kijiko kimoja cha chai cha majani makavu, au kijiko kimoja kikubwa kilichojaa majani mabichi yaliyokatwa. Makavu hutiwa machache kwa kuwa maji yameshatoka na kilichobaki kimejikusanya. Mtu mzima anywe vikombe viwili au vitatu kwa siku. Siku tatu zikipita bila nafuu yoyote, usiongeze kipimo. Maradhi hayo yanataka kuangaliwa na mtaalamu.

Osha kila kitu, hata ulichokichuma mwenyewe. Katika vichochoro vyetu punda wanapita na maji ya mitaro yanaruka, kwa hiyo majani yaliyoota ubavuni mwa njia yaache hapo hapo. Na mmea usioujua kwa jina na kwa harufu usiutie kikombeni kwa kuambiwa tu kwamba unafanana na fulani.

Majani hufunikwa, mizizi huchemshwa

Ukishika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili. Harufu ya mchaichai, nanaa, mrehani na kivumbasi ni mafuta mepesi yanayoruka pamoja na mvuke. Nyumba nzima ikinukia mchaichai, ujue kilicho hewani kimetoka sufuriani mwako. Mizizi na magome ni kinyume chake: nguvu yao imefungwa ndani ya nyuzi ngumu, na maji ya moto ya dakika mbili hayaifikii.

Kwa majani na maua:

1. Chemsha maji peke yake, kisha zima moto au teremsha sufuria kutoka kwenye seredani.
2. Chambua majani, yakate au yafinyange mkononi mpaka yatoe harufu.
3. Yatie ndani ya maji, funika papo hapo, acha dakika 5 mpaka 10.
4. Kabla ya kuchuja, kung'uta yale matone yaliyoganda ndani ya kifuniko yarudi sufuriani. Yamebeba mafuta yale yale unayoyataka.

Kwa mizizi na magome, ponda kwanza, tia kwenye maji baridi, weka motoni, na yakianza kutokota punguza moto uache yachemke polepole dakika 10 mpaka 15, yamefunikwa. Mbegu kama uzile, shamari na iliki ziko katikati: zitwange kidogo tu zipasuke, uzimwagie maji yaliyotokota, ufunike dakika 10. Ukitaka kuchanganya mzizi na majani, mzizi utangulie motoni, na majani yaingie baada ya moto kuzimwa.

Usichanganye vitu zaidi ya vitatu. Na kitu ambacho hujawahi kukinywa, kinywe peke yake mara ya kwanza, nusu kikombe, uone mwili unakipokeaje.

Neno moja kuhusu joto. Sisi wa pwani tunapenda chai ya kuunguza, lakini mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na zaidi ya nyuzijoto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Acha kikombe dakika chache. Kikiweza kushikika kwa viganja vyote viwili bila kukurukisha, kunywa.

Mafua na kikohozi

Kusi linapoanza na mvua za masika zikashuka, na pia siku za Maulidi mji unapojaa wageni, mafua hupita nyumba hadi nyumba. Hapa chai inafanya kazi yake kwa uwazi kuliko popote: inapasha koo, inalainisha makohozi, inamfanya mgonjwa anywe maji ambayo vinginevyo asingeyagusa.

Chukua tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba. Chagua iliyokaza, ngozi yake iwe laini. Iliyonyauka na kuwa nyepesi imebaki nyuzi tu. Ioshe kwa kuisugua, usiimenye. Itie kinuni uiponde, na usisimame inapopasuka. Endelea mpaka nyuzi zitokeze na maji ya rangi ya njano yaanze kulowesha kuta za kinu, na ukali uingie puani. Ukiikata vipande vinene na kuvitupa sufuriani utapata maji yenye harufu ya tangawizi, na kikohozi chako kitakuwa pale pale.

Tia tangawizi hiyo na karafuu mbili katika vikombe vitatu vya maji, uchemshe kwa moto mdogo dakika 10. Suuza kinu kwa maji hayo hayo ya moto uyarudishe, kwa maana ukali mwingi hubaki kinuni. Teremsha, tia bua moja la mchaichai ulilolipondaponda sehemu yake nene ya chini, funika dakika 10 nyingine. Chuja, kamulia nusu ndimu kikombeni, na ikipoa kidogo tia kijiko cha asali. Hicho ndicho kinywaji cha siku nzima, kwa mafungu matatu.

Karafuu zisizidi mbili. Ni kali, na ikizidi hukausha kinywa na kuchoma tumbo.

Asali ni dawa ya kikohozi yenye haki yake. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kupewa nusu kijiko cha chai au kijiko kizima kabla ya kulala, hata bila chai, na usiku wake utakuwa mwepesi. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe asali kabisa, hata ya kupakwa ulimini. Asali huweza kubeba vijimbegu vya bakteria vinavyozaa sumu tumboni mwa mtoto mchanga, sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Na aliye chini ya miezi sita hahitaji chai yoyote wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha. Najua bibi zetu wengi walikuwa na desturi nyingine, na walifanya kwa mapenzi. Hili tuliache.

Koo likiwasha na kuuma wakati wa kumeza, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu, uyateme, mara tatu au nne kwa siku. Si chai, ila naiweka hapa kwa sababu ni rahisi na inasaidia.

Kivumbasi, ambacho wengine hukiita kivumbani, ni cha pua iliyoziba. Utakijua ukisugua jani lake: kinatoa harufu nzito yenye mnuko wa karafuu ndani yake. Konzi moja ya majani kwenye bakuli la maji ya moto, bakuli likae juu ya meza iliyo imara, inama kwa umbali wa mkono, vuta mvuke kwa dakika chache. Ni kwa watu wazima tu. Kumfunika mtoto blanketi pamoja na sufuria ya maji ya moto kumeunguza watoto wengi mno, na mvuke wenyewe hauna faida inayolingana na hatari hiyo. Mtoto mwenye pua iliyoziba mdondoshee puani matone ya maji ya chumvi yanayouzwa famasi, umpe na vinywaji.

Kitunguu thomu mimi sikiweki kwenye chai. Kwenye supu ya samaki, punje mbili zilizopondwa na kutiwa mwishoni, kinakaa vizuri zaidi, na mgonjwa asiye na hamu ya kula anapata na chakula.

Kikohozi kikifika wiki mbili, au kikija na damu, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapime kifua kikuu. Matibabu yake hayalipishwi katika hospitali za serikali. Mtoto anayepumua kwa kasi, au ambaye mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, apelekwe saa ile ile, usiku au mchana.

Tumbo

Tumbo kujaa upepo baada ya pilau au viazi karai vya jioni linataka mbegu. Nusu kijiko cha chai cha uzile, yaani ile bizari nyembamba ya pilau, na nusu kijiko cha shamari. Zikaange kwenye chuma kikavu mpaka zianze kunukia tu, zisiungue, uzipasue kinuni, uzimwagie kikombe kimoja cha maji yaliyotokota na ufunike dakika 10. Nywa polepole baada ya chakula. Ladha yake si ya kupendeza mara ya kwanza, lakini upepo utashuka.

Nanaa nayo hulegeza tumbo linalosokota: majani 8 au 10 mabichi kwa kikombe, dakika 5. Ila mwenye kiungulia asiiguse. Inalegeza pia ule mlango ulio kati ya umio na tumbo, na uchungu unapanda kifuani zaidi ya mwanzo. Watu wengi hunywa chai ya nanaa kila usiku kwa sababu ya kiungulia na kushangaa mbona hakiishi.

Kwa kichefuchefu, tangawizi haina mpinzani. Anayesafiri kwa mashua kwenda Faza au Kiwayu wakati wa kusi anywe kikombe cha tangawizi nyepesi nusu saa kabla ya kupanda, na abebe kipande cha kutafuna. Mama mjamzito mwenye kichefuchefu cha asubuhi naye anaweza kuitumia, kwa kipimo: kijiko kimoja cha chai cha tangawizi mbichi iliyopondwa kwa siku nzima, si zaidi, igawanywe vikombe viwili au vitatu vyepesi, na amweleze mkunga wake kliniki. Akiwa anatapika hata maji hayakai, hilo limepita chai.

Kuharisha ni kwingine kabisa, na hapa naomba usome kwa makini. Anayeharisha hauawi na kuharisha kwenyewe, anauawa na maji na chumvi vinavyomtoka. Kwa hiyo cha kwanza ni maji ya chumvi na sukari. Yale ya pakiti yanayopatikana famasi na zahanati, yaani ORS, ndiyo bora. Usipoyapata:

1. Pima lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Tumia chupa ya lita moja, usikisie.
2. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa juu kwa kisu.
3. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kimesawazishwa.
4. Koroga mpaka viyeyuke. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya.
5. Mpe mgonjwa kidogo kidogo baada ya kila choo. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee, kijiko kwa kijiko. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga.

Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe pia vidonge vya zinki kutoka zahanati kwa siku 10 mpaka 14. Baada ya hayo ndipo mtu mzima anaweza kuongeza chai ya majani ya mpera: majani mateke, yaani machanga, 5 au 6, vikombe viwili vya maji, yachemke dakika 10. Majani haya yana ukakasi, na ukakasi huo hukaza utumbo. Ni magumu kuliko nanaa ndiyo maana yanachemshwa. Hayachukui nafasi ya yale maji ya chumvi na sukari. Choo chenye damu, macho yaliyozama, mkojo uliokatika, au choo cha maji matupu yaliyo meupe kama maji ya kuoshea mchele, hayo ni ya kukimbilia hospitali huku unamnywesha njiani.

Choo kigumu, hasa mwezi wa Ramadhani watu wanapokunywa maji machache, kwanza kinataka maji mengi kati ya futari na daku, na tende. Kisha ukwaju: kipande cha ukubwa wa limau loweka kwenye vikombe viwili vya maji ya vuguvugu usiku, ukamue, uchuje, unywe nusu asubuhi na nusu jioni, wakati wa saumu, nusu futarini na nusu kwenye daku. Sanamaki ni ya mwisho kabisa. Inafanya kazi kwa kuusukuma utumbo kwa nguvu, na ukiizoea utumbo unasahau kazi yake. Kijiko kimoja kidogo cha majani kwa kikombe, dakika 10, usiku wakati wa kulala, na isizidi siku chache. Mjamzito, mtoto, na mwenye maumivu makali ya tumbo yasiyojulikana chanzo, wasipewe.

Maumivu ya hedhi

Tangawizi na mdalasini. Mara nyingi huanzwa maumivu yakishapamba moto. Anza siku moja kabla, au siku yenyewe ya kwanza asubuhi. Kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole cha shahada na kipande cha tangawizi cha nusu kidole gumba, katika vikombe viwili, dakika 15 kwa moto mdogo. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, kwa siku mbili tatu.

Mdalasini tunaoupata madukani mwingi ni wa gome nene moja lililojikunja, mgumu kuvunjika. Huo una kumarini nyingi, kitu kinachochosha ini kikiliwa kila siku kwa wingi. Ule wa tabaka nyembamba nyingi zilizoviringana, unaovunjika mkononi kwa urahisi, una kidogo sana. Kwa siku mbili tatu za mwezi yeyote unafaa. Anayetaka kunywa mdalasini kila siku atafute huo mwembamba. Maumivu yanayozidi kila mwezi, au damu inayolowesha pedi kila saa, yanataka daktari, na mwanamke asiambiwe avumilie.

Usingizi

Chai ya usingizi isiwe na majani ya chai. Ni rahisi kusahau. Mtu anapika mchaichai wake vizuri, kisha anatia kijiko cha majani ya chai ili upate rangi, na kafeini inamkesha. Kahawa ya barazani baada ya Isha nayo bado imo mwilini saa sita za usiku. Bua la mchaichai na punje mbili za iliki zilizopasuliwa, kikombe kimoja, dakika 10, saa moja kabla ya kulala. Ukipenda maziwa, pasha na iliki hiyo hiyo. Kungumanga, kama unaitumia, iwe ncha ya kisu tu. Vijiko viwili vya unga wake vinaweza kuleta kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuona vitu visivyokuwepo.

Nani awe na tahadhari

Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda asinywe tangawizi nyingi, kitunguu thomu wala manjano kila siku bila kumuuliza daktari. Mwenye dawa za presha ajue kwamba choya nayo hushusha presha, na mwenye dawa za sukari ajue hivyo kuhusu uwatu. Vikikutana na vidonge anaweza kuanguka. Uwatu kwa wingi haufai wakati wa ujauzito. Mwarobaini hauwafai wajawazito wala watoto, na kwa wengine usinywewe wiki baada ya wiki. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai ya rangi pamoja na chakula, kwa kuwa inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Angoje saa moja au mbili.

Unga wa dawa uliosagwa, usio na jina wala orodha ya kilichomo, sinunui na sishauri mtu anunue. Nunua kitu kizima unachokijua kwa macho: mbegu, gome, jani. Utasaga mwenyewe.

Homa nimeiacha makusudi isiwe na chai yake. Pwani yetu homa inaweza kuwa malaria, denge au chikungunya. Mwaka 2004 chikungunya iliukumba mji wa Lamu na kuwalaza watu kwa maumivu ya viungo. Kwa kugusa paji la uso huwezi kuzitofautisha. Pima damu siku ile ile au kesho yake, na kwa mtoto mdogo au mjamzito usingoje kesho. Chai ya mchaichai mpe kama kinywaji njiani na baada ya dawa, sawa. Shubiri na mwarobaini si tiba ya malaria. Kuhusu chai ya mmea wa atemisia: dawa ya malaria ya atemisinini ilitokana kweli na mmea huo, na mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai yake, kwa kuwa dawa iliyomo ni kidogo na haina kipimo thabiti, na kipimo pungufu huwafundisha vimelea kuishinda dawa. Ukifika zahanati, taja kila ulichokunywa nyumbani, na kama kina kifungashio kibebe. Usione haya, daktari anahitaji kujua ili asikuandikie kitakachogongana nacho.

Kukausha na kuweka

Kaskazi ndio wakati wake, kuanzia Disemba mpaka Machi, hewa ikiwa kavu kidogo. Chuma asubuhi baada ya umande kukauka na kabla ya jua kali. Osha, kung'uta maji yote, tandaza tabaka moja juu ya ungo au mkeka safi, funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Weka darini chini ya makuti, upepo upite, jua lisiguse. Jua la moja kwa moja linababua majani na kuyanyang'anya harufu ndani ya siku moja. Geuza kila jioni, na usiku uyaingize ndani, kwa maana upepo wa bahari hurudisha unyevu wote ulioutoa mchana. Baada ya siku tatu mpaka tano finya jani: likivunjika kwa sauti, tayari. Likipinda, bado. Mchaichai ukate vipande vidogo kabla ya kukausha, ukishakauka ni mgumu kukatika.

Wakati wa kusi usijisumbue kukausha. Tumia mabichi, panda makopo mengi ya mchaichai na nanaa. Mchaichai hautaki mengi ila maji yasiyo na chumvi na kukatwa mara kwa mara.

Weka kwenye chupa kavu ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko na dirisha. Andika jina na mwezi juu yake, kwa sababu majani makavu yote hufanana. Siku ya tatu itazame: ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, yatoe uyaanike tena. Ukiona kuvu au kunusa uvundo, tupa yote, usichague mazuri. Kuchemsha hakuondoi sumu ya kuvu. Majani yana nguvu kwa mwaka mmoja hivi, magome na mbegu nzima zaidi kidogo. Yakisuguliwa yasinukie, yamekwisha, hata kama rangi bado ni ya kijani. Chai iliyokwisha kupikwa inywewe siku ile ile, au ikae kwenye friji isizidi saa 24.